Magoti ya Shangazi

Wafiwa, ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliokuja na viatu vya tope kwa sababu mmepitia mlimani kwanza, naanza kwa kuwaonya kwamba nitakayosoma hapa hamtayaamini, na asiyeamini ana ruhusa ya kubisha, ila abishe sasa hivi, maana mimi nikishaanza sishikiki: mwanamke huyu tunayemsindikiza leo, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, mkoba wa barua mgongoni, sketi ya kazi imebanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo, aliteremka ngazi za mawe za Lango la Juu kwa baiskeli, kutoka ngazi ya kwanza mpaka ya mwisho, bila kutia mguu chini, akafika kwa muuza magazeti, akampa barua yake na kalamu, akamwambia, "Tia sahihi hapa, na ufunge mdomo, inzi wataingia." Muuza magazeti huyo amekaa mstari wa pili, mwenye shati la bluu, na mdomo wake sidhani kama umefunga vizuri hadi leo.

Nimesimama hapa kwa niaba ya familia, na najua wapo wanaojiuliza kama familia nzima imekosa mtu mwingine, lakini marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza nisome mimi, akasema mwanawe wa kiume husoma kama anayetangaza ng'ombe aliyepotea, binti yake atalia kabla ya kufika shule ya msingi, na mimi, ingawa niliacha shule mapema, mdomo wangu haujawahi kuacha kazi. Baba ameniomba nisichekeshe watu. Nimemwambia nitajitahidi.

Marehemu Shangazi yetu, ambaye mjini mlimwita Mama Posta na mlimani mlimwita Bi Birika, alizaliwa tarehe 14 Juni 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyoegemea ukuta wa kale upande wa kusini, nyumba ambayo ukuta wake mmoja si wa baba mwenye nyumba bali ni wa mji, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa fundi viatu na mshona mapazia, na inasemekana alikuja duniani akiwa ametanguliza miguu, jambo ambalo baba yangu, aliye kitinda mimba wa nyumba hiyo, hulisimulia kana kwamba alikuwepo.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, katika lile jengo la ghorofa lililo nyuma ya soko la vitambaa, akaendelea na sekondari ya wasichana nje ya Lango la Kaskazini, akamaliza Novemba 1975 akiwa na cheti kizuri, tofauti na mtu fulani anayewasomea hapa, ambaye cheti chake kikubwa ni cha kuzaliwa. Baiskeli alijifunzia kwenye ile ya muuza mikate, yenye kikapu kikubwa mbele kilichomziba macho, na hadi uzeeni alikuwa akisema kwamba hakuwahi kuogopa mteremko kwa sababu miteremko yake ya kwanza hakuiona.

Tarehe 3 Februari 1977 aliajiriwa Posta, katika chumba kile cha kupangia barua chenye madirisha marefu na meza ya kijani iliyochubuka pembeni, na mkuu wa tawi akampa baiskeli akidhani atakuwa anaisukuma, kisha akampa mitaa ya juu, ambayo wanaume wote walikuwa wameikimbia kwa ajili ya ngazi, wakisingizia mbwa. Aliitumikia mitaa hiyo mpaka alipostaafu, na mvua ikimkuta huko alikuwa akisimama chini ya upenu kutazama maji yanavyoteremka, ndipo akagundua kitu ambacho sisi tuliokulia juu ya mawe hayo hatukuwahi kukiona, kwamba kila ngazi ya zamani imelazwa kidogo upande wa nje, kiasi cha unene wa ukucha tu, ili maji yasishuke pamoja na watu bali yatoke pembeni na kwenda zake. Kumbukeni ukucha huo, nitaurudia.

Tarehe 21 Agosti 1982 alifunga ndoa na Fundi Saa, yule pale, ambaye kibanda chake cha kutengenezea saa kilikuwa chini ya ngazi za Lango la Juu, na ambaye kabla ya hapo alikuwa anapokea barua nyingi kuliko ofisi ya meya, mpaka Shangazi akaanza kuzishangaa zilivyo nyepesi, akaipeleka moja kwenye mwanga, akaona bahasha tupu, akaelewa kwamba mtu huyu anajitumia barua mwenyewe ili mleta barua apite, basi akamwekea bahasha mezani katikati ya springi na vioo vya saa, akamwambia, "Kuanzia kesho uwe unaandika kitu ndani, mkoba unanichosha bure." Kesho yake ndani kulikuwa na neno moja, ambalo Fundi Saa amekataa nilisome, kwa hiyo silisomi, ila lilimtosha Shangazi. Siku ya harusi bwana harusi alichelewa, yeye na saa zake zote.

Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1984, ambaye sasa ni mwalimu wa hesabu, na kijana wa kiume aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1988, ambaye ni mpishi melini, na ambaye amepanda baiskeli mara moja tu maishani, akagonga kibanda cha baba yake. Mtoto wa tatu hakumzaa, aliletewa mwaka 2014 akiwa na sanduku moja na mdomo mrefu, umri wake miaka kumi na mitano, shule ameshaiaga, na ukoo mzima umeshakubaliana kwamba huyu hatakuwa kitu, Shangazi akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Hatakuwa kitu, sawa, lakini kwanza atakula." Mtoto huyo ndiye mimi. Mjini najulikana kama Mshale, jina nililojipa mwenyewe kwa ajili ya kasi yangu, ingawa Fundi Saa alisema pale pale kwamba mshale ni kweli, ila ni wa saa, na ni ule mfupi.

Shangazi alistaafu tarehe 30 Juni 2018, wafanyakazi wenzake wakamkabidhi zawadi ya saa ya ukutani, yeye mke wa fundi saa, akaipokea kwa mikono miwili akashukuru sana, na wiki hiyo hiyo akaibadilisha na baiskeli ya milimani iliyotumika, yenye matairi manene na springi mbele, akaanza kupanda vilima vya misitu vilivyo mashariki ya mji. Wakati huo vilima hivyo vilikuwa na vinjia ovyo tu, kila mwenye baiskeli anajitupia chini anapopenda, wageni waliokuja kutazama malango na minara wakawa wanakodi baiskeli na kurudi na mikono imefungwa shingoni, na yeye bila kuombwa na mtu akachukua jembe, sururu na birika la bati la rangi ya bluu, akaanza kukata njia.

Wengi mlidhani birika lile ni la chai. Ndugu zangu, halikuwahi kuona majani ya chai. Kabla ya kupiga jembe hata moja alikuwa anamwaga maji juu ya ardhi, polepole, anachuchumaa, anatazama yanakokwenda, yakifuata njia anasema hapana, anasogea, anamwaga tena, mpaka apate mahali ambapo maji yanakatiza na kutoka pembeni, ukucha ule ule wa ngazi za mjini, na hapo ndipo anachimba. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa njia mnazozipenda leo, Samahani, ambayo ni nyembamba hata wawili hawapishani bila kuombana radhi, Mkwe Kaja, ambayo ukiingia lazima unyooshe mgongo utake usitake, na Nilikwambia, yenye kisiki mwishoni. Aliikata kila moja kwa upole, watu wakaja, muuza matunda wa getini akapata wateja, wakodisha baiskeli wakaongezeka, na vijana wa mjini ambao kazi yao ilikuwa kukaa juu ya ukuta wa kale na kutema mate chini, wakapata kazi ya kuongoza wageni, mimi nikiwa kiongozi wao, na kwa unyenyekevu wote, ndimi mwenye kasi kuliko wote.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo lilimnyima Shangazi usingizi, na nalisoma bila kujitetea. Agosti 2023, mimi na wenzangu tuliamua kwamba njia za Bi Birika ni za watalii wenye nyonga mbovu, tukatengeneza ya kwetu, tukaiita Koo la Mbuzi, kutoka kwenye lile jiwe kubwa la juu moja kwa moja mpaka kijito cha chini, bila kona, bila birika, halafu, kwa kuwa tulitaka iwe ya kisasa, tukachukua mifagio tukaifagia, majani yote, takataka zote, mpaka udongo ukang'aa kama sebule inayosubiri wageni. Tukasimamisha na kibao, "Asiyeweza Asijaribu, kwa hisani ya Mshale." Siku ya kuizindua nilitangulia mimi, nikafika chini, na hilo ni kweli tupu, tusonge mbele.

Septemba mwaka huo huo, wakati baiskeli yangu iko ukutani inasubiri kipuri, Shangazi alitangaza kwamba magoti yamemchosha, kwamba Koo la Mbuzi ni zuri lakini yeye sasa ni mzee, akapanda na jembe na birika, akakata njia ya pembeni inayolizunguka jiwe lile kwa kona pana pana, inashuka kidogo, inainuka kidogo, inashuka tena, kama mtu anayeshuka kitandani gizani. Vijana walicheka mpaka wakashika mbavu, wakachonga kibao wakakiandika "Magoti ya Shangazi", na yeye badala ya kukasirika akakipigilia misumari mwenyewe.

Mvua za Novemba zilipokuja, Koo la Mbuzi, lililofagiwa vizuri namna ile, likawa mto. Halikuwa kama mto, lilikuwa mto wenyewe, na udongo wake wote ukaingia kwenye kijito kinachojaza bwawa la maji ya mji, mabomba yakatoa maji ya rangi ya kahawa, na kile kibao changu kiling'oka kikaelea mpaka uani kwa Bwana Misitu, yaani ofisa anayesimamia msitu ule, ambaye kesho yake alisimama mlangoni kwetu na kibao kwapani, akauliza, "Mshale ndiye nani hapa?" Fundi Saa akamjibu bila kuinua macho kwenye kazi yake, "Wa saa ninao huu hapa, yule mwingine yuko chini ya kitanda." Ni uongo. Nilikuwa nyuma ya mlango.

Bwana Misitu hakucheka, akasema maji ya mji si mchezo, akasema mlima mzima utafungwa, njia zote, za birika na za ufagio, uwekwe waya na kufuli. Lakini Shangazi alivaa koti lake la zamani la Posta, akamwambia, "Mwanangu, umeona mdomo wa mlima, njoo uone na magoti yake," akampandisha mvua ikinyesha, mwavuli wa Bwana Misitu ukageuka nje ndani kabla hawajafika kwenye miti, na walipofika kwenye jiwe, kushoto Koo la Mbuzi linanguruma, kulia njia ya kuzunguka imetulia, maji yanaingia juu yanatoka pembeni, yanaingia yanatoka, hata viatu vya mgeni havikuzama. Bwana Misitu, ameloa mpaka soksi, akauliza, "Maji haya nani ameyafundisha adabu?" Shangazi akasema, "Magoti."

Bwana Misitu akatoa nafasi moja tu, kwamba njia zote mlimani, hata zile nzuri, zikaguliwe na zilazwe kama ile, Koo la Mbuzi lizibwe lipandwe miti, siku za mvua kubwa asipite mtu, na baada ya mvua zinazofuata kijito kikiwa bado kinabeba tope, kufuli. Basi tulichimba, na hapa siwezi kutaja kila mtu, ila wapeleka barua walikuja na makoleo, muuza matunda akaja na toroli, mwalimu wa hesabu akapima miinamo na kutugombeza kama wanafunzi wake, na Shangazi akakaa kwenye kigoda katikati ya msitu na birika mapajani, kila tunaposema tumemaliza anamwaga maji, anatazama, anasema, "Bado. Rudia." Nimewahi kufukuzwa shule, lakini sijawahi kurudishwa darasani mara nyingi kama msimu ule.

Machi 2024, akiwa kwenye kigoda hicho hicho, alianza kukosa pumzi, akapelekwa hospitali, ikagundulika kwamba moyo umechoka, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Mwanawe, kwa huruma, alimwomba daktari ayaangalie na yale magoti yake yaliyomtesa, daktari akayabonyeza, akayakunja, akayanyoosha, akasema mama huyu ana magoti ya msichana, na kwa kuwa daktari huyo yupo hapa na ni mkweli, naomba tusiingie huko kwanza. Wodini kwake hukuulizwa habari za nyumbani, ukiingia tu na matunda yako anakuuliza, "Maji yanapita wapi?", na alituambia wazi, mbele ya mumewe na wanawe, kwamba kuondoka haogopi, ila hataki kuondoka huku mlima una kufuli, vijana wamerudi kukaa juu ya ukuta kutema mate. Mvua za mwaka huu zilikuwa kubwa. Tulikuwa tunazisikiliza juu ya paa la hospitali kama watu wanaosikiliza hukumu.

Tarehe 10 Septemba 2024, mchana, Bwana Misitu aliingia wodini na viatu vya tope, muuguzi akimfuata nyuma na kitambaa cha kupigia deki, akatoa mfukoni chupa ya kioo, akasema, "Mama, hii nimeiteka asubuhi kijitoni, juu ya bwawa, baada ya mvua ya usiku kucha," akaishika mbele ya dirisha, na kupitia maji yale tuliona miti ya nje, tukaona gari la wagonjwa, tukaona kila kitu. Akasema mlima hautafungwa. Shangazi aliitazama chupa hiyo kwa utulivu, kama alivyokuwa akitazama bahasha kwenye mwanga, kisha akasema, "Mpeni Mshale anywe kwanza, si ndiye aliyeyachafua." Nikanywa. Wodi nzima ilicheka, hata mgonjwa wa kitanda cha tatu aliyekuwa amekatazwa kucheka kwa sababu ya nyuzi, na Shangazi akacheka mpaka akakohoa, akaegemea mto, akasema, "Haya, sasa nalala." Alilala, na alfajiri ya tarehe 11 Septemba, mumewe ameshika mkono wake, hakuamka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kugawa barua zote na mkoba ni mwepesi. Ndiyo maana, ndugu zangu, msishangae mkituona tunalia huku mabega yetu yameshuka. Tuliogopa aondoke na kinyongo, na ameondoka bila deni moyoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, na hasa yule aliyepiga deki baada ya Bwana Misitu bila kusema neno, inawashukuru majirani wa ukutani waliotupikia na kutuazima viti, wafanyakazi wa Posta waliopo na waliostaafu, waendesha baiskeli wote, na Bwana Misitu mwenyewe, ambaye kibao changu bado anacho na anakitumia kama ubao wa kukatia mboga.

Karatasi yangu inaishia hapo, na Baba ameshaanza kupumua. Lakini nilisema asiyeamini abishe, na hakuna aliyebisha, wakati palikuwa na pa kubisha. Siku ya kuizindua Koo la Mbuzi nilifika chini, ndiyo, ila baiskeli ilifika kivyake na mimi kivyangu, na aliyekuwa kijitoni kunipokea ni Shangazi peke yake, ambaye alinipangusa tope, akanipa maji ya birika, wala hakumwambia mtu. Baada ya hapo kila nikishika usukani nauachia na kurudi ndani. Hapakuwa na kipuri cha kusubiri, baiskeli ilikuwa nzima, nami nikaiacha wiki kadhaa ukutani, nikiwasimulia ninyi habari za kasi, na Fundi Saa, anayejua vipuri kuliko mtu yeyote mjini, aliipita kila siku akanyamaza. Ndipo Shangazi akaanza kuumwa magoti. Njia ilipokwisha aliniita alfajiri, kabla ya watu, akaniambia, "Tangulia wewe, baba, mimi mzee naogopa." Yeye, aliyeteremka Lango la Juu. Nikatangulia, kona moja, kona ya pili, nikisikia tairi lake nyuma yangu polepole, na mpaka tunafika chini hakuna kati yetu aliyesema nani alikuwa anamsindikiza nani. Kwa hiyo njia iliyouokoa mlima wetu haikukatwa kwa sababu ya magoti ya Shangazi. Yake yalikuwa mazima, daktari amewaambia. Yaliyokuwa yanagongana ni yangu. Kibao kibaki vile vile, alikipigilia mwenyewe.

Lala, Shangazi. Asubuhi nilitangulia mimi, nikalimwaga birika pale utakapolazwa, nikachuchumaa nikatazama. Maji yametoka pembeni.